Kesi ya Mzee Nungunungu na Watoto wa Tumbili

Upande wa Bomet, pale ambapo ukanda wa chai wa Nyayo ulioanzishwa mwaka 1986 unautenga msitu wa Mau na mashamba ya wakulima, aliishi Mzee Nungunungu, karani mstaafu wa majani. Miaka yote ya kazi alisimama kando ya mizani akiwakata wachumaji kilo moja ya maji, kilo moja ya gunia, na nusu kilo ya mambo ambayo hakuyaeleza. Alipostaafu akajenga nyumba ya mawe yenye mabati mekundu, akaizungushia ua wa kayaba, na ndani ya kayaba akajenga ukuta. Majirani walishangaa kidogo. Mwenye miiba mgongoni, ukuta wa nini?

Ukuta ulikuwa wa watoto.

Malalamiko yake yalijulikana kituo kizima cha kununulia majani. Watoto wa Mama Tumbili na wa Mama Kima walimpigia hodi na kutoroka. Walirusha vijiwe juu ya bati ili wasikie vinavyobingirika. Walichuma mapera mabichi, wakayauma mara moja, wakayatupa. Jioni walikaa kwenye kalvati mbele ya lango lake wakicheka, naye hakujua wanacheka nini, na hilo ndilo lililomuuma kuliko mapera.

Kwanza akapanda vipande vya chupa juu ya ukuta. Paka wake mwenyewe akakatika mguu. Akanunua mbwa mkali kutoka Litein. Wiki ya pili mbwa huyo alionekana barabarani akikimbiza tairi pamoja na watoto, ulimi nje, mwenye furaha ambayo hakuwahi kuionyesha langoni. Akaweka kamera. Watoto walipogundua kuna jicho linalowatazama, wakawaita na wenzao wa ng'ambo ya mto waje kuichezea.

Akaenda polisi kuandikisha OB, lile daftari la matukio.

"Mshukiwa ana umri gani, Mzee?" aliuliza Sajini Kifaru.

"Minane."

Sajini akaweka kalamu chini. "Zamani ungebahatika, sheria ilianzia minane. Sheria ya Watoto ya 2022 imepandisha hadi kumi na miwili. Chini ya hapo mtoto hana kosa la jinai."

"Kwa hiyo nimsubiri miaka minne?"

"Hata akifika kumi na miwili, mpaka kumi na minne mahakama itachukulia kwamba hajui kutofautisha jema na baya, isipokuwa ithibitishwe kuwa anajua. Wewe una miaka mingapi, Mzee?"

"Sitini na mitatu."

"Basi wewe sheria inakuhesabu kwamba unajua," alisema Sajini, akamwita anayefuata.

Kuna wazee watakaosoma hapa na kuguna. Binafsi naona sheria ilifanya vyema. Sijamwona mtoto aliyetoka korokoroni akiheshimu mapera. Lakini Nungunungu alirudi nyumbani akivuma kwa hasira, miiba imesimama, na akaapa kwamba mara nyingine akisikia jiwe juu ya bati atamshika aliyelirusha kwa mikono yake.

Mara nyingine ikaja Jumanne alasiri. Alikuwa anaoga. Jiwe la kwanza likagonga, la pili, kisha mia. Akatoka mbio na rungu, sabuni masikioni, akiwataja mama zao kwa majina yasiyoandikika. Ilikuwa mvua ya mawe, ile ya Kericho na Bomet isiyohitaji utambulisho, inayoweza kuyachana majani ya shamba zima kabla maji ya chai hayajachemka. Ilimpiga utosini mpaka akaingia chini ya mkokoteni. Watoto wakati huo walikuwa darasani, wanasoma mambo ya usafi. Na majani yake yaliyochanika siku hiyo yalikuwa mengi kuliko hasara yote ya mapera tangu ahamie, lakini mvua hakuiandikisha OB.

Hapo ndipo akataka kokwet, baraza la kijiji, iitishwe. Wazee wakakutana chini ya mti, kama desturi. Mwenyekiti akawa Bwana Kinyonga, mwakilishi wa Nyumba Kumi, mpango ulioletwa mwaka 2013 ili majirani wajuane na kulindana. Kinyonga ni kiongozi mzuri: mlalamikaji akisogea karibu anakuwa wa rangi yake, mshtakiwa akisogea anakuwa wa rangi ya mshtakiwa, na mkutano ukiisha anarudi kuwa kijani.

Bata Mzinga alisimama wa kwanza. Alisema zamani mzee yeyote angemchapa mtoto wa yeyote, na mtoto akienda kushtaki nyumbani anaongezwa. Alisema hayo kwa dakika ishirini. Ng'ombe akamkumbusha kwamba zamani hizo mzee huyohuyo aliyechapa ndiye pia aliyemnywesha mtoto huyo maziwa ya mursik akipita kwake na njaa, na akauliza ni lini mara ya mwisho Bata Mzinga alimpa mtoto wa jirani hata maji. Bata Mzinga akaketi. Fisi akasema tatizo halisi ni bonasi. Kwa nini viwanda vya huku magharibi ya Bonde la Ufa hulipa bonasi ndogo kuliko vya Murang'a na Kirinyaga? Kwa muda wa saa nzima hakuna aliyewakumbuka watoto. Mikutano yote ya huku hupita kwenye bonasi, hata ya mazishi.

Aliyewarudisha ni Kogo Kobe, ambaye hakuna anayejua alizaliwa lini.

"Mwanangu Nungunungu," alisema, "hebu wataje kwa majina hao wanaokusumbua."

Nungunungu akatazama huku na huku. "Wale. Wale wa Tumbili. Yule wa mkia mfupi."

"Umekaa nao ukuta kwa kalvati, unajua mkia wake na hujui jina lake?"

Kogo akawataja yeye, mmoja mmoja, na mama zao. Mama Tumbili alikuwa mchumaji kwenye shamba kubwa la kampuni, nyumba alipewa na kampuni, mchana watoto walitazamwa na wenzake walio zamu ya pili. Ikaja mashine, mnyama wa chuma anayemeza chipukizi na majani makuukuu kwa mkupuo mmoja, haombi likizo ya uzazi. Wachumaji wakapunguzwa. Mwezi wa Mei 2023 mashine kadhaa zikatiwa moto huko Kericho, kukawa na maandamano na vitoa machozi, kisha mashine zikaendelea na kazi. Mama Tumbili akarudi kijijini bila nyumba wala zamu. Sasa hutoka kabla ya jogoo, akachume kwa wakulima wadogo vijiji vitatu mbali, kwa kilo, na hurudi wakati watoto wamekwisha kulala au wamekwisha kurusha mawe.

"Na wewe ulikuwa unampimia," Kogo akaongeza. "Zile nusu kilo ulizokuwa unakata, ungezirudisha leo, zingemlipa yaya."

Kokwet ikacheka. Nungunungu akasema hayo si mada.

"Mada ni nini basi?" Kogo alimgeukia mtoto wa mkia mfupi. "Semeni nyinyi. Kwa nini kila siku mko langoni kwa Mzee?"

Mtoto alitafuta kidole cha kutafuna. "Sisi hatuko langoni," alisema. "Tuko katikati ya uwanja."

Kimya kikawa kirefu kidogo, maana wote walijua. Pale penye nyumba, ukuta, kayaba na shamba la mteremko palikuwa pa Mzee Nyati. Yeye hakuwahi kulima ule ubapa wa juu. Ng'ombe walilala hapo mchana, na jioni watoto wa vijiji viwili walicheza mpira wa makaratasi. Nyati alipofariki, warithi waliuza, na Nungunungu akanunua kwa pesa ya kustaafu. Pale pa mpira akapanda chai ya zambarau, ile TRFK 306 iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2011 na watafiti wa Kericho kwa matumaini makubwa. Viwanda vya kuisindika ni vichache, kwa hiyo majani yake mengi huchanganywa na ya kijani na kulipwa bei ya kijani. Kalvati ndilo pekee lililobaki la uwanja. Hapo zamani lilikuwa kona.

"Nilinunua kihalali," alisema Nungunungu. "Nina hatimiliki."

"Hakuna aliyesema uliiba," Kogo alijibu.

Kinyonga, ambaye wakati huo alikuwa wa zambarau, akatoa uamuzi wa kokwet. Watoto wamchotee Mzee maji kila Jumamosi mpaka mapera yaive. Mzee ajifunze majina yao, atahojiwa mkutano ujao. Na zile safu za chai ya zambarau zilizo ubapani, zisizomlipa hata mbolea yake, ang'oe apaache wazi.

Nungunungu alilalamika mwezi mzima, kisha akang'oa. Lakini aliweka masharti, maana alikuwa karani hadi mwisho. Akatengeneza bango kubwa la mbao lenye miguu miwili mirefu, akalichimbia upande wa juu: hakuna kupiga kelele, hakuna kukimbia, hakuna mpira baada ya saa kumi na moja, mzazi awepo, viatu safi, na mengine tisa. Watoto walilisoma lote kwa sauti, mkia mfupi akaupima upana wa miguu kwa hatua, wakakubaliana kwamba unatosha.

Goli la upande wa juu likapatikana siku hiyo. La upande wa chini bado halijapatikana mpaka leo. Msomaji, ikiwa una masharti yako juu ya watoto wa jirani, yaandike kwenye bango la ukubwa huohuo, miguu iwe ya mti mgumu, na ulifikishe kabla ya Jumamosi.