Foleni Ndefu, Mayowe Mafupi

Alton Towers, bustani ya burudani kule Uingereza, watu hulipa ili wapinduliwe kichwa chini, miguu ikining'inia hewani. Reli ya Nemesis, treni ya burudani ya kutisha iliyofunguliwa mwaka 1994, ipo juu ya vichwa vya abiria. Masharti ya ujenzi yalikataza mitambo kupita vilele vya miti, basi wenyewe wakachimba mwamba: ukikatazwa kupanda, zama! Mwenye subira hupiga foleni weee, apate dakika moja na ushei ya mayowe. Mwenye haraka hulipa nyongeza ili aogope mapema. Akishuka, magoti yanacheza, anauziwa picha yake akiwa amefumba macho. Ananunua. Huyo huyo kesho, dereva wa basi akikata kona kwa pupa, utamsikia: “Unataka kutuua?”