Heri Mtu wa Sitini

Kumsifu wa kwanza ni kazi nyepesi. Wa kwanza ana suti mpya, ana kofia ya klabu kichwani, ana mama anayelia mbele ya kamera. Kumsifu wa mwisho ndiko kunakotaka fundi, na hakuna wa mwisho anayestahili kupambwa kama yule anayeokotwa mkiani mwa raundi ya pili ya drafti ya NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani. Namba moja ana waimbaji wake. Sifa hizi ni za namba 55, namba 57, namba 58, na mkubwa wao wote, namba 60.

Tuanze na staha yake. Kila mwaka klabu 30 hupokezana kuchagua vijana kwa raundi mbili, na hesabu ikitimia majina ni 60. Raundi ya kwanza husomwa na kamishna wa ligi mwenyewe. Ya pili humwachia naibu wake. Wanaotarajiwa kutangulia hualikwa ukumbini wakaketi mezani na wazazi. Wa mkiani aghalabu hayupo, na hana kinyongo. Nikola Jokić alipotajwa wa 41 mwaka 2014, alikuwa usingizini kwao Serbia, na televisheni ya Marekani ilikuwa ikirusha tangazo la mkahawa wa Taco Bell. Hakumkatiza mtu chakula wala hakukatizwa usingizi. Tangu hapo ameshachukua tuzo ya mchezaji bora wa ligi mara tatu.

Staha hiyo inafika hadi Kaloleni, mjini Voi. New York ikiwa saa mbili usiku, Voi ni saa tisa usiku. Kabla raundi hizo mbili hazijagawanywa kwa siku mbili, jambo lililoanza mwaka 2024, mpenzi wa kikapu aliyetaka kumwona namba moja ilimbidi akeshe pamoja na madereva wa malori ya barabara kuu ya Mombasa. Namba 60 hakuwa na makuu hayo. Alisubiri hadi kukapambazuka, watu wameamka na chai iko mezani, ndipo akatajwa.

Fadhila yake ya pili ni kwamba hamlemei mtu mfukoni. Anayechaguliwa raundi ya kwanza huja na mshahara uliopangwa kulingana na namba yake, na miaka miwili ya mwanzo ina dhamana: acheze, asicheze, atalipwa. Wa raundi ya pili hana kiwango alichopangiwa. Klabu ikitaka kubaki na haki zake, inatosha kumpelekea ofa ya mwaka mmoja ya mshahara wa chini kabisa, na ofa hiyo si lazima iwe na dhamana hata ya senti. Anaweza kuitwa kambini, akatoka jasho, akapewa mkono wa kwaheri kabla msimu haujaanza. Tangu mwaka 2017 upo pia mkataba wa pande mbili: kijana hugawanya msimu kati ya klabu kubwa na ligi ndogo ya maendeleo, kwa nusu ya mshahara wa chini. Kostas Antetokounmpo, wa 60 mwaka 2018, alikuwa na mkataba wa aina hiyo Los Angeles Lakers walipotwaa ubingwa wa 2020. Pete ya ubingwa aliipata kamili, si nusu.

Wenye kumdharau wa mkiani wana dawa yao, nayo ni usiku wa Juni 25, 2009. Katika ukumbi wa Madison Square Garden, Memphis Grizzlies walimchagua Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa mita 2.21, akiwa wa pili. Afrika Mashariki nzima ilijaa fahari, na ilikuwa na haki: hakuna Mtanzania aliyewahi kufika hapo. James Harden alikuwa wa tatu. Stephen Curry alikuwa wa saba.

Lakini pale Memphis, katika nafasi ileile ya mtu mrefu wa kati, alikuwepo tayari Mhispania aitwaye Marc Gasol. Huyu alichaguliwa na Lakers mwaka 2007 akiwa wa 48, na haki zake zikapelekwa Memphis mwaka 2008 katika biashara iliyomhamisha kaka yake Pau kwenda Los Angeles. Wakati ule wengi waliona Memphis wameibiwa mchana kweupe. Basi namba mbili akakaa benchi akimtazama namba 48 akicheza. Mwezi Februari 2010 Thabeet akapelekwa kwenye ligi ndogo, kwa Dakota Wizards, na hadi siku hiyo hakuna aliyechaguliwa juu kama yeye aliyewahi kushushwa huko. Gasol akawa mlinzi bora wa ligi mwaka 2013 na bingwa mwaka 2019 akiwa na Toronto.

Kosa la Thabeet lilikuwa nini? Kikapu alikianza akiwa na umri wa miaka 15 hivi, na kipaji chake cha kuzuia mipira kilikuwa cha kweli. Namba mbili, hata hivyo, ni deni linaloanza kudaiwa siku ileile ya kukopeshwa. Angekuwa wa 52, mechi zake 224 katika ligi hiyo zingehesabiwa kuwa safari njema, na kocha angesifiwa kwa kumwibua. Kwa kuwa alikuwa wa pili, wastani wake wa pointi 2.2 hutajwa hadi leo kama kesi ya jinai.

Drafti ileile ya 2009 ilikuwa na Danny Green, wa 46, na Patty Mills, wa 55. Mwaka 2014 wote wawili walikuwa San Antonio Spurs pamoja na Manu Ginóbili, wa 57 katika drafti ya 1999. Katika fainali ya ukanda wa Magharibi waliitoa Oklahoma City Thunder, klabu iliyokuwa na Thabeet katika msimu wake wa mwisho wa NBA, kisha wakachukua ubingwa. Ukijumlisha namba za watatu hao unapata 158. Hesabu hiyo haina maana yoyote, ila ni tamu kuitamka.

Ginóbili anatufikisha kwenye fadhila ya tatu: uvumilivu wa kuhifadhiwa. Klabu inaweza kumchagua kijana wa nje, ikamwacha hukohuko akomae kwa gharama ya wengine, huku ikishikilia haki za kumleta. Ginóbili alichaguliwa 1999 na akahamia Marekani 2002. Katikati hapo Spurs hawakumlipa hata nauli ya basi. Alipokuja akaleta ubingwa mara nne. Mgiriki Georgios Printezis, wa 58 mwaka 2007, alizidi kwa unyenyekevu. Haki zake zilihama klabu hadi klabu katika biashara za Marekani, yeye mwenyewe asihame Ulaya. Mwaka 2012 alifunga kikapu cha sekunde za mwisho kilichoipa Olympiacos ubingwa wa EuroLeague. NBA hakuichezea hata dakika moja.

Hapo ndipo thamani ya wa mkiani inapoonekana, kwani yeye ni mchezaji na pia ni sarafu. Klabu mbili zikikwama katika biashara, moja hutupia chaguo la raundi ya pili juu ya fungu, kama mama mboga wa soko la Voi anavyoongeza nyanya moja ili mteja asiondoke. Mwaka 2017 Golden State waliwapa Chicago dola milioni 3.5 taslimu wakapata namba 38. Lipo hata chaguo linalotolewa kwa sharti kwamba litahama likiangukia kati ya namba 56 na 60 tu. Maana yake halisi ni kwamba halitahama, ila wanasheria walihitaji kitu cha kuandika kwenye karatasi.

Na ligi yenyewe inamthamini kiasi cha kumtumia kama faini. Klabu ikikamatwa imeanza mazungumzo na wachezaji kabla ya muda, hunyang'anywa chaguo la raundi ya pili. Ndiyo maana drafti za 2022, 2023 na 2024 ziliishia namba 58, na ya 2025 ikaishia 59. Namba 60 alikuwa rumande kwa makosa ya mabosi.

Yapo madoa, na msifu mwaminifu huyataja haraka. Usiku wa drafti ya 2011, Lakers walimchagua Ater Majok, mzaliwa wa Khartoum aliyekulia Australia na kusoma Chuo Kikuu cha Connecticut, chuo kilekile cha Thabeet. Alikuwa wa 58. Hakupata kucheza NBA, na baadaye akaivaa jezi ya taifa ya Lebanon. Majina mawili baada yake, Sacramento walimtaja Isaiah Thomas, mfupi wa mita 1.75, wa mwisho kabisa. Msimu wa 2016/17 Thomas alifunga wastani wa pointi 28.9 akiwa Boston, kwa mshahara wa takriban dola milioni 6.6, fedha ndogo kwa nyota wa ligi ile. Nyonga ikaumia, Boston wakamuuza, na mwaka 2018 akasaini Denver kwa mshahara wa chini. Namba 60 haikumtupa mkono: ilimsubiri pale alipoiacha.

Mawakala nao wana fitina yao. Wengine huziomba klabu zisimchague kabisa mteja wao mkiani mwa raundi ya pili, wakidai heri asichaguliwe. Aliyechaguliwa amefungwa kwa klabu moja. Asiyechaguliwa hujadiliana na zote 30. Fred VanVleet hakutajwa mwaka 2016, na mwaka 2019 alikuwa bingwa pamoja na Gasol.

Hoja hiyo haimvunjii heshima namba 60. Inampa mdogo wake, mtu wa 61, naye anapatikana Kaloleni. Kwa kanuni za NBA, mchezaji wa nje ya Marekani huingia kwenye drafti moja kwa moja mwaka anaotimiza miaka 22, bila kujaza fomu, na haijalishi kama anacheza kikapu kwa malipo au kwa ridhaa. Kijana wa Voi aliyeanzia kwenye michezo ya muhula wa kwanza ya sekondari na bado anarusha mpira jioni alikuwa, kisheria, halali ya klabu zote 30 usiku ule mmoja. Hakutajwa. Kuanzia asubuhi iliyofuata amekuwa mchezaji huru, ana ile hadhi ambayo mawakala wa New York huwapigania wateja wao, na hajalipa kamisheni ya mtu.