Kununua Sufuria ya Supu Bila Kumuuza Mbuzi

Kabla ya kutoa hela, amua ni chakula gani kitaingia ndani. Wengi huanzia upande wa pili: wanaiona sufuria ndefu ya stenlesi inang'aa mlangoni mwa duka Kariakoo, wanaipenda papo hapo, wanalipa, kisha wanamwita shangazi aje apike pilau humo. Shangazi atakataa, na ana haki. Sufuria ndefu ni ya vitu vya maji vinavyochemka muda mrefu: supu ya mbuzi, makongoro, utumbo. Mdomo wake ni mwembamba ukilinganisha na kimo, kwa hiyo mvuke unaotoka ni mchache na mifupa inaweza kukaa motoni saa nyingi bila maji kukauka. Pilau linataka sufuria pana ya alumini nzito, na mkaa juu ya mfuniko. Mwache shangazi na yake.

Sababu iko kwenye chuma chenyewe. Stenlesi ni chuma kilichochanganywa na kromiamu isiyopungua asilimia 10.5, na hiyo ndiyo inayokizuia kushika kutu. Ila joto hupita humo kwa uvivu. Alumini hulipitisha takriban mara 15 zaidi. Moto ukiwaka katikati, katikati ndiko kunakoungua. Supu haijali, kwa kuwa maji huzunguka yenyewe na kusambaza joto. Uji mzito na maharage yaliyoungwa nazi hujali sana, na utakwangua ukoko hadi alfajiri. Basi kama ni supu tu, usilipie kitako kinene chenye alumini iliyofichwa katikati. Kama ni uji wa shule nzima, kilipie bila kunung'unika.

Kwa nini basi usichukue alumini, yenye bei ndogo zaidi? Kwa sababu ya ndimu, nyanya na ukwaju. Uchachu hula alumini, na supu bila ndimu si supu. Tena zipo sufuria zinazotengenezwa mitaani kwa kuyeyusha alumini chakavu ya kila aina. Vipimo vya sufuria za namna hiyo kutoka Kamerun, vilivyochapishwa mwaka 2014, vilikuta risasi inatoka ndani yake kitu chenye uchachu kikichemshwa humo. Wanaokunywa supu hiyo ni pamoja na watoto, na kwangu hilo linatosha kumaliza ubishi.

Sasa ukubwa. Muuzaji atakuambia ni lita 50 kwa sauti ya mtu aliyezipima mwenyewe. Toa futi ya fundi cherehani. Chukua nusu ya upana wa ndani, izidishe kwa yenyewe, kisha kwa 3.14, kisha kwa kimo, yote kwa sentimita, halafu gawanya kwa 1,000. Sufuria yenye upana wa sentimita 36 na kimo cha 36 inabeba lita 36 na ushee. Ya lita 50 kweli inataka karibu 40 kwa 40. Kumbuka pia kwamba utaijaza robo tatu tu, na kwamba lita moja ya maji ni kilo moja. Mzigo huo usiuweke juu ya jiko la gesi lenye uso wa kioo. Tafuta jiko la chini la chuma, au mafiga.

Unene ndio unaotenganisha sufuria na kopo, na kwa macho hauonekani. Omba dakika tano, vuka barabara, iweke kwenye mizani ya bucha. Ile ya 36 kwa 36 bila mfuniko, ikiwa na unene wa milimita moja, itakuwa na kilo 4 hivi. Ikiwa na nusu milimita, kilo 2. Ya kilo 2 itabonyea siku ya kwanza itakapogongana na karo la kuoshea. Muuza nyama atashangaa. Mwambie utarudi kwake kununua mifupa, na urudi kweli.

Muuzaji mwingine atatoa sumaku, na ikikataa kunasa atatangaza kwamba hiyo ndiyo stenlesi halisi. Usishawishike. Stenlesi nzuri ya 18/10, yaani kromiamu asilimia 18 na nikeli 10, huikataa sumaku. Lakini aina ya 201, yenye nikeli kidogo na manganizi nyingi, huikataa vilevile na hupata kutu upesi zaidi. Ikinasa ubavuni, mara nyingi haina nikeli kabisa. Hiyo ni rahisi, na kwa supu inafaa ukiikausha vizuri kila baada ya kuiosha.

Mikono ya sufuria usiifanyie huruma. Iliyopigwa ribiti ni bora kuliko iliyogusishwa weldi nukta mbili. Omba ndoo ya maji, ijaze robo tatu, muinue watu wawili. Mkono ukicheza, rudisha sufuria kwa heshima zote. Maji ya moto yakimwagika miguuni mwa mpishi, hakuna punguzo la bei litakalomponya.

Ukifika nayo nyumbani, chumvi itie maji yakishachemka. Ikilala kitakoni kwenye maji baridi huacha vidoa vya kudumu. Madoa meupe yatoe kwa siki, na dawa ya kung'arishia nguo isiguse humo. Ukipikia kuni, pakaza sabuni nje kabla ya moto ili masizi yatoke kirahisi.

Na kabla hujaondoka dukani, nunua upawa wenye mpini mrefu. Ule wa kawaida utazama siku ya kwanza.