Sifa za Suti ya Usaili

Milima ya Uluguru ina wa kuisifu wa kutosha. Mimi naisifu suti ya kijivu iliyotundikwa nyuma ya mlango wa chumba tulichopanga Changarawe, jirani na Chuo Kikuu Mzumbe. Ni ya mtumba, na haina mwenyewe: aliyeitwa kwenye usaili ndiye anayeivaa.

Fadhila yake kuu ni uzoefu. Matangazo ya kazi hudai uzoefu wa miaka mitatu. Mhitimu wa juzi, ambaye hata joho la mahafali alikodi, ataupata wapi? Suti inao. Imefanya mchujo wa kuandika, imefanya vitendo, imekaa mbele ya majopo ambayo wenye shahada za uzamili wanayasikia tu. Dodoma imekwenda kwa basi, na tangu 2024 inakwenda kwa SGR. Inajua ni dakika ipi utaambiwa ujieleze kwa kifupi, maana hapo ndipo kwapa hulowa. Kwa haki, ingeajiriwa yenyewe, sisi tukaandikwa wadhamini wake.

Ni nyenyekevu pia, haichagui mwili. Na ina siri: haijawahi kumuumbua mtu anayedai anaijua Excel. Bitana ya kwapa la kushoto imeshonwa kwa uzi mweupe, kwa hiyo koti halivuliwi, hata Dar es Salaam mwezi wa Februari.

Lakini usaili wa siku tatu unaitesa. Siku ya kwanza shati jeupe na tai. Ya pili shati la bluu bila tai, jopo lidhani ni suti nyingine. Ya tatu jeupe limerudi, limefuliwa usiku kwenye beseni la gesti na kupigwa pasi likiwa bichi, kola bado inanuka sabuni.

Ya nini yote haya? Siku ya kwanza ni mtihani wa kuandika! Juni 2014 Uhamiaji waliwaita Uwanja wa Taifa watu zaidi ya 10,000 kwa nafasi 70. Mwaka 2025 TRA walipokea maombi zaidi ya 135,000 kwa nafasi 1,596. Katika umati kama huo nani ataangalia tai ya mtu? Mwajiri wa mwisho kutuita, simtaji, alisisitiza unadhifu, na mstari uliofuata ukasema msailiwa atajigharamia usafiri, chakula na malazi. Majina ya waliovuka yalitoka usiku, mahojiano keshokutwa yake. Aliyekwenda kwa nauli ya kukopa alilala stendi, amekaa wima ili suti isijikunje. Asubuhi jopo likamuuliza anakabilianaje na shinikizo la kazi.

Waajiri, siku mnayotaka kalamu tu, turuhusuni tuje na fulana. Na mkitaka kutuona siku tatu tukiwa nadhifu, lipeni gesti na dobi.