Bampa Jepesi, Gari Zito

Plastiki huchukua takribani nusu ya ujazo wa gari la kisasa, lakini uzito wake ni kama asilimia 10 tu. Bampa ni polipropilini, tangi la mafuta ni polithini ngumu, na ile dashibodi inayojifanya ngozi, hata mishono yake, mara nyingi ni plastiki vilevile. Gari likipungua uzito kwa asilimia 10, ulaji wa mafuta huweza kushuka kwa asilimia 6 hadi 8. Hesabu tamu. Ila kilo zinazookolewa na wahandisi humezwa na watu wa mauzo: viti vya umeme, paa la kioo, spika kila mlango. (Mifuko ya hewa isamehewe.) Volkswagen Golf ya 1974 ilikuwa na kilo 800 hivi, ya leo, na plastiki zake zote, imepita kilo 1,200.