Babu Mgongoni, Bahari Kiunoni

Picha ilifika kwenye kundi la WhatsApp la familia kabla suruali ya Babu haijakauka. Ndani yake yuko yeye mwenyewe, mwalimu mstaafu wa Jiografia, kofia ya vito kichwani, makubadhi mkono mmoja, bakora mkono wa pili, amebebwa mgongoni na kijana mvuvi ambaye maji yamemfika kiunoni. Chini yake mjukuu mkubwa ameandika: "Boti ya saa saba." Ndugu wa Pemba wameipokea, wa Dar es Salaam wameipokea, na mtu mmoja wa Maskati, ambaye Babu hakumbuki wanahusiana vipi, ameuliza kama mzee alikuwa anazama au anaigiza.

Ilikuwa Jambiani, kusini mashariki mwa Unguja, mahali ambapo bahari huaga asubuhi na kurudi jioni.

Familia ilishuka garini kiasi cha saa nne. Mwezi ulikuwa umepevuka usiku wa juzi yake, yaani ni bamvua, na maji yalikuwa yamekupwa hata bahari imebaki mstari wa povu kule kwenye mwamba. Mjukuu mdogo, boya la plastiki limeshamkaa kiunoni, akauliza bahari imehamia wapi. Swali hilo haliulizwi mbele ya mwalimu wa Jiografia mtu akabaki salama.

Babu alianza na mwezi. Mwezi unavuta maji; jua nalo linavuta, ila nguvu yake haifiki nusu ya ile ya mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukipevuka, vyote viwili huvuta kwenye mstari mmoja, maji yakajaa sana na kupwa sana. Hilo ndilo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, kila kimoja huvuta kivyake na maji yakasuasua: maji mafu. Toka maji kujaa mpaka kujaa tena ni saa 12 na dakika 25, ndiyo maana kila siku huchelewa kwa kiasi cha dakika 50. Na kwa kuwa bamvua linafuata mwezi, pwani hii siku za bamvua maji hupwa karibu na saa nne na kujaa karibu na saa kumi, mchana na usiku. Mvuvi wa Unguja hahitaji jedwali la bandari. Anauliza leo mwezi ngapi, anahesabu vidoleni, kisha anakwambia adhuhuri maji yatakuwa wapi.

Hapo wajukuu wawili walishatoroka. Babu hakuwaona, maana alikuwa amefika pale anapopapenda kuliko pote.

Maji, alisema, hayapandi kwa mwendo mmoja. Chukua kina chote kitakachoongezeka, kigawe sehemu 12. Saa ya kwanza huleta sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Ni kanuni ya zamani ya mabaharia, na kwa hesabu za vidole haina mpinzani. Bamvua kubwa la Unguja hufika kiasi cha mita 4 kati ya kupwa na kujaa. Basi saa ya kwanza ni sentimita thelathini na kitu, za kulowanisha miundi tu. Saa ya tatu ni mita nzima. Mtu aliyekuwa anacheka saa sita, kufika saa saba anaita watu.

Haya yote Babu aliyasema akitembea, kidole kikiandika hewani kwa kukosa ubao, na alipomaliza alikuwa mbali kabisa na nchi kavu, pamoja na wajukuu waliobaki, katikati ya mashamba ya mwani.

Mwani ulianza kulimwa kibiashara pwani hii mwaka 1989, kwa mbegu iliyoletwa kutoka Ufilipino, na wakulima wake wengi ni wanawake. Hufunga vipande vidogo vidogo kwenye kamba zilizotandazwa kati ya vigingi, wakavuna baada ya wiki sita hivi. Kazi hufanywa maji yakiwa yamekupwa, kwa hiyo anayewapangia zamu ni mwezi. Mama mmoja aliwapita akirudi juu, gunia linamchuruzikia maji mabegani.

"Shikamoo, Mzee. Maji yanarudi."

"Marahaba, mwanangu. Bado tuna saa nzima."

Mama yule hakutazama mwambani. Alitazama nyuma ya Babu, upande wa kijijini, akanyamaza kwa heshima, akaenda zake.

Alichokitazama ndicho ambacho ubao wa darasani haukuwahi kukionyesha. Ndani ya mwamba, sakafu ya bahari haishuki taratibu kutoka ufukweni. Ina mafungu ya mchanga na ina mikondo, na pengine mkondo uko karibu na nchi kuliko fungu lenyewe. Maji yakirudi hupenya kwenye milango ya mwamba na kujaza mikondo kwanza. Aliyesimama juu ya fungu ana mchanga mkavu miguuni, macho ameyaelekeza kwenye povu, anahesabu saa zake kwa usahihi kabisa, na huku nyuma njia ya kurudia imeshakuwa mto.

Wavuvi waliwaona. Wajukuu wakapakiwa kwenye ngalawa pamoja na ndoo ya pweza, na ngalawa ikawa imejaa. Kijana mmoja akainamisha mgongo: "Panda, Mzee." Babu akasema atasubiri ngalawa irudi. Halafu akakumbuka kwamba hii ilikuwa saa ya tatu, ile ya mita nzima. Akapanda. Katikati ya mkondo, kwa mazoea ya kazi, alianza kumweleza kijana sababu za kasi ya maji, na kijana akawa anaitikia "Ndiyo, Mwalimu" kila anapopata pumzi.

Wazazi wa watoto hao walikuwa wamelala chini ya mivinje.

Na hapa ucheshi unaanza kuchacha. Siku ile ilikuwa imetangazwa kuwa siku ya kuwatoa wazee. Lakini aliyeamka saa tisa usiku kupika pilau, kukaanga katlesi na kujaza chupa za chai ni Bibi. Walipofika alitandika mkeka, na mkeka ukageuka stoo: funguo za gari, simu, viatu, na mtoto mchanga aliyeachwa hapo "dakika mbili tu". Alipotaka kunyoosha miguu kando ya maji, askari wa hoteli moja alimuuliza anakwenda wapi. Alikuwa anakwenda baharini. Alipotafuta choo, kilikuwepo cha mkahawa, kwa wateja. Usiku, mkwe akaandika kwenye kundi: "Alhamdulillah, leo tumewapumzisha wazee wetu." Bibi aliisoma huku anasugua sufuria.

Zanzibar ilianza kuwalipa wazee wake wa miaka 70 na kuendelea pensheni jamii mwezi Aprili 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi wakati ule, ikaja kupandishwa baadaye. Bibi anaipata. Sehemu kubwa ya fedha hiyo huishia kwa wauza aiskrimu, kwa sababu wenye mishahara wakitoka na wazee husahau pochi.

Matembezi mengine nayo hayakuwa tofauti. Forodhani, Babu aliwekwa foleni ya urojo mpaka adhana ya Isha. Msitu wa Jozani, ambako kima punju hula makaa ili kupoza sumu ya majani wanayokula, kima mmoja alikojoa kutoka juu ya mti na kofia ya vito ilikuwa chini yake.

Kisiwa cha Changuu, wanakotunzwa kobe wakubwa ambao ukoo wao ulianza na wanne walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, kobe alitafuna pindo la kanga ya Bibi bila haraka. Kobe wengine wamepigwa rangi gambani kuonyesha umri wao. Bibi, mjukuu mgongoni, mkoba begani, alimtazama mmoja aliyepita miaka 100. "Huyu mzee mwenzangu," alisema, "mbona yeye hajapewa mtoto wa kushika?"

Safari ijayo imepangwa Kizimkazi, kwenye msikiti wenye maandishi ya mwaka 1107. Babu ameshauliza siku hiyo itakuwa mwezi ngapi. Bibi amekubali kwa sharti kwamba pilau apike mtu mwingine. Sharti limetumwa kwenye kundi tangu Jumatatu. Waliojibu ni wawili, na wote wameweka alama ya kucheka.