Kwa Waziri wa Uchukuzi: Metro ya Rubaya Iko Tayari

Mheshimiwa Waziri,

Tumesikia habari za MetroKin, treni ya kisasa waliyoahidiwa ndugu zetu wa Kinshasa, nasi wa Masisi tunawapongeza. Mji mkuu haujaanza leo kupenda makubwa. Kati ya 1955 na 1959, Léopoldville, kama Kinshasa ilivyoitwa, ilikuwa na mabasi 12 kutoka Uswisi yaliyokwenda kwa nguvu ya gurudumu zito lililozunguka ndani yake, bila mafuta wala waya juu. Barabara ziliyashinda. Basi safari hii anzeni na Rubaya yetu hapa Masisi, ambako kazi ngumu imeshafanyika.

Kwanza, njia za chini ya ardhi. Miji ya wenzetu hukopa mabilioni kununua mashine ya kutoboa. Vijana wetu wametoboa vilima vya Bibatama, Luwowo na Gakombe kwa sululu, chepe na tochi ya kichwani, na hakuna mhandisi aliyelipwa. Mahandaki mengine yamekutana huko chini bila kupangwa. Zimebaki reli, taa, hewa, nguzo za kuzuia udongo, na mlango wa pili wa kutokea.

Nauli nayo inakusanywa vizuri. Tangu waasi wa M23 waiteke Rubaya mwishoni mwa Aprili 2024, wataalamu wa Umoja wa Mataifa wamekadiria ushuru wanaotoza kwenye madini ya koltani kuwa dola 800,000 hivi kwa mwezi. Metro gani duniani inaingiza makuta hayo kabla ya kununua behewa moja? Hesabu zake hamtazipata, lakini msisikitike sana: hata za enzi yenu hatukuwahi kuonyeshwa.

Sasa tramu yetu ya zamani, chukudu. Imechongwa kwa mti wa mkaratusi, magurudumu ni ya mbao yaliyovikwa mpira wa tairi kuukuu, na breki ni kipande cha mpira unachokikanyaga kwa mguu ukiomba Mungu. Mlima inaupanda kwa kusukumwa. Kushuka, inashuka yenyewe na makaa, viazi au mbao, na aliye mbele anajua la kufanya. Pale Goma imesimamishiwa sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko. Imepata mnara, Mheshimiwa, bado inasubiri barabara. Ukitaka kuiboresha, usiguse chombo chenyewe. Fundi wake anakijua kuliko ofisi yako. Guseni matope ya kutoka Sake kupanda Mushaki.

Jirani zetu wa Walikale wao walishapita hatua ya reli. Zama za madini ya bati ya Bisie, wabebaji waliyatoa msituni kwa mizigo mgongoni, na kule Kilambo ndege zikatua barabarani kuyapakia. Ilikuwa lami nzuri, ndiyo maana marubani waliipenda. Magari yalisubiri pembeni.

Mwishoni mwa Januari 2026 mvua ilinyesha na udongo ukaporomoka Rubaya. Msemaji wa utawala wa waasi alitaja vifo zaidi ya 200: wachimbaji, watoto, akina mama wa soko. Kinshasa ikawalaumu waasi, waasi wakalaumu mvua. Takriban asilimia 15 ya koltani ya dunia hutoka kwenye vilima hivi, kwa hiyo simu zilizosambaza habari hiyo huenda zilikuwa na kitu chetu ndani. Siku ile, mashine ya kuchimba udongo ingetumika kutoa watu. Mashine hazikutosha, ila majembe yalikuwepo.

Ukituma mhandisi wa kupima njia, mwambie aje na buti na noti ndogondogo za kulipia bariera za barabarani. Aulize kila bariera kama risiti ya ile iliyotangulia inakubalika. Hapana, haikubaliki, aulize tu, aandike kwenye ripoti.

Wako mtiifu,
Msukuma chukudu wa Rubaya